Kifua cha Odilia Dirishani

Pale stendi ya Mikumi, malori ya kwenda Zambia yanapopumzisha magurudumu, ilijulikana kwamba Odilia akikusema asubuhi, mpaka jioni bado unajikung'uta vumbi. Si kwamba alitukana matusi ya nguoni. Hayo aliwaachia wasiojua kuongea. Mama yake alimlea kwa sala na fimbo, huko milimani juu ya Kilosa, na kilichobaki baada ya sala na fimbo kilikuwa ulimi. Dereva akilalamika kwamba nyama ni ndogo, Odilia humwambia, “Nyama ni ya kawaida, baba. Hilo domo ndilo linatosha kuegesha lori.” Dereva anacheka mpaka anapaliwa, halafu anaagiza sahani nyingine.

Alikuwa mama lishe. Kibanda chake kilikuwa cha nguzo za miti na mabati, kando ya barabara kuu, na pale alipokaa na mwiko wake aliwaona nyani wakivuka lami bila haraka, kama wao ndio walioijenga. Wali wake ulisifiwa kwa sababu mchele hakuununua kwa mtu. Ulitoka shamba lake la Tindiga, aliloachiwa na marehemu mumewe, Stefano. Kila mwaka mpunga ukiiva alifunga kibanda, akapanda gari la Kilosa, akaenda kuvuna. Harufu ya mpunga uliokatwa ndiyo ilikuwa dawa yake. Wenzake wanameza vidonge, yeye ananusa.

Mwaka ule wa barakoa, mpunga umeshakatwa umelala shambani unasubiri kupigwa naye amerudi kibandani kwanza, ndipo ukungu ulipomwingia.

Hakuuita ugonjwa. Mwanzoni ulikuwa uchovu tu, wa mtu aliyelala upande mbaya. Kisha wali ukakosa harufu. Alifunua sufuria, akainamia mvuke, akavuta, hakuna kitu. Ni kama kunusa ukuta. Halafu mwili ukawa mwepesi kwa namna asiyoielewa, miguu haigusi chini sawasawa, na kelele za stendi zikawa zinamfikia kwa mbali, zimelainika, kana kwamba mtu amezifunika kwa godoro. Maumivu hayakuwa makubwa, na hilo ndilo lililomdanganya. Alikaa kwenye kigoda akitazama malori yakipita bila sauti, akaona ni jambo la kupendeza, malori kupita bila sauti. Kilichomshinda ni kupuliza moto tu. Akiinama kupuliza, pumzi ilifika mdomoni imeshaisha.

Siku zile watu hawakupenda kuutaja kwa jina lake. Walisema “changamoto ya kupumua,” wakishusha sauti kwenye neno la mwisho, utadhani kupumua ndiko kwenye aibu. Odilia akajifukiza. Aliweka nyungu ya majani ya mchaichai na malimau, akajifunika blanketi, akakaa ndani ya mvuke ule mpaka akawa hajui yuko wapi: Mikumi, au Tindiga wakati wa jua kali, au tumboni mwa mama yake.

Aliyempeleka hospitali ni binti yake, Teresia. Binti huyu alitandika vitanda kwenye gesti moja pale pale Mikumi, na ulimi wa mama yake hakuurithi, alirithi ukaidi. Hakubishana. Alifunga kibanda, akamvalisha mama yake sweta na barakoa, akamwingiza kwenye bajaji kama anayepakia mzigo wa mtu mwingine.

Huko hospitali walimbana kidole kwa kidude kidogo chenye taa. Nesi akasoma namba, akasoma tena. Kisha wakampeleka chumba cha picha.

Kilikuwa chumba cha baridi, chenye giza la kuzoeleka. Fundi wa picha, mzee mnene aliyeitwa Beda, alimwambia avue sweta, na rozari pia.

“Hata rozari?”

“Hata rozari, mama. Itatokea kwenye picha, daktari adhani umemeza msalaba.”

Odilia alikuwa na jibu la kumpa. Jibu lilikuwa zuri, alilihisi linakuja. Likachelewa njiani, na alipofungua mdomo lilikuwa limesharudi lilikotoka.

Beda alimsogeza kwenye bamba, akamsukuma mabega yakaenda mbele, kidevu kikakaa juu. Bamba lilikuwa la baridi kama jiwe la mtoni. “Vuta pumzi, mama. Vuta, vuta. Haya, shikilia.” Odilia akashikilia. Mashine ikatoa mlio mdogo, na katika mlio ule alijiona yuko kwao milimani, msichana mdogo, asubuhi, amesimama juu ya ukungu. Bonde lote halionekani. Hakuna Kilosa, hakuna reli, hakuna mto. Kuna yeye na weupe tu, na ukitaka unaweza kutembea juu yake mpaka upande wa pili.

“Pumua,” Beda alisema, na bonde likarudi.

Daktari alikuwa kijana, jina lake Amon, macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliibandika ile picha kwenye kisanduku chenye taa, akaitazama, akasema ugonjwa umeshika mapafu yote mawili, mama atalala hapa hapa leo, anakwenda kumtafutia kitanda chenye mtungi wa hewa. “Kaa kwenye benchi hilo, mama. Usiende popote.” Wakamwita wodini mbio, akamwachia Odilia picha mkononi, ndani ya bahasha kubwa ya kaki. Teresia alikuwa ametoka kununua maji ya kunywa. Kwa hiyo Odilia alibaki peke yake na kifua chake.

Akakitoa kwenye bahasha, akakiinua juani.

Alitegemea kuona masizi. Mtu aliyepuliza kuni tangu akiwa msichana, aliyekula moshi kuliko alivyokula nyama, atakuwa na nini ndani kama si masizi? Badala yake aliona mbavu zake zimepangwa kama majaruba ya mpunga, na katikati ya majaruba weupe umetanda, weupe wa upole, wa pamba, ukipanda kutoka chini pande zote mbili. Kweusi kulibaki huku juu tu, karibu na mabega. Odilia akaitazama kwa furaha. Maisha yake yote kitu kilichosafishwa huwa cheupe: mchele ukishapepetwa, shuka ikishafuliwa, hata roho ya mtu akishatoka kuungama. Nyungu ilikuwa imefanya kazi. Masizi yalikuwa yanaondoka kuanzia chini, na hicho kilichobaki juu kingemalizwa na hewa ya Tindiga.

Teresia aliporudi na chupa ya maji, mama yake alikuwa getini, ameshakaa kwenye bajaji.

“Mama, daktari amesema unalala.”

“Nimemwona macho yake,” Odilia alisema, akapumzika, akaendelea. “Anayetaka kulala ni yeye.”

Nyumbani alimwonyesha binti picha dirishani. “Masizi yako wapi hapo? Nionyeshe.” Teresia hakujua kusoma picha, na mama yake alisema kwa uhakika wa mtu anayeonyesha nyumba aliyozaliwa. Usiku ule Odilia alilala ameketi, kwa sababu akilala chali ukungu ulikuwa unamkalia. Asubuhi yake aliweka kitenge na picha kwenye mfuko, akasema anakwenda Tindiga kwenye mpunga wake, na asiyetaka kumsindikiza abaki. Teresia alimfuata amebeba mfuko, simu sikioni, akiipigia namba ya hospitali iliyokuwa inatumika muda wote.

Gari la Kilosa lilisubiriwa mbele ya kibanda cha pancha cha Doto.

Doto na Odilia walikuwa watani wa kabila. Odilia Msagara, Doto Mnyamwezi, ingawa Tabora aliijua kwa kusikia. Babu yake ndiye aliyekuja Kilosa kukata mkonge, na ukoo haukurudi tena. Lakini utani hauulizi umezaliwa wapi. Kwa miaka yote waliyokaa stendi ile, haikupita siku Doto hajasema wali wa Odilia unafaa kuzibia pancha, wala haikupita siku Odilia hajamrudishia na nyongeza. Madereva walijua saa za kupita hapo, kama watu wanavyojua saa za taarifa ya habari.

Zamani kile kibanda kilikuwa cha watu wawili. Doto alikuwa na pacha wake, Kulwa, wakigawana mashine moja ya upepo na maneno machache. Mwezi wa pili wa mwaka ule Kulwa alipata ile changamoto. Tangu hapo Doto alifanya kazi peke yake, na akaendelea na utani vile vile, kwa sauti ya juu zaidi kidogo.

Odilia alikaa juu ya tairi kuukuu. Doto alikuwa ameinamia beseni la maji, mpira wa tairi mkononi, akitafuta tundu.

“Mtani, umenipita bila kunitukana,” alisema. “Umeokoka?”

“Naenda... Tindiga.”

“Mbona unaongea kama redio ya betri za mwaka jana?”

“Niache, Doto.”

“Lete pua nikutie upepo. Wa bure. Wewe si tairi la lori, ni la baiskeli tu.”

Madereva waliokuwa wakinywa chai wakacheka, wakamgeukia Odilia kungoja zamu yake. Odilia alitabasamu, akatikisa kichwa. Alikuwa anaona kila kitu kina ukingo wa mwanga, hata Doto, hata beseni. Doto akaacha kucheka. Ule mpira ulikuwa bado majini, unatoa mapovu moja moja, na hakuyaangalia.

“Bahasha ya nini hiyo?”

“Picha ya kifua. Nimepona. Kweupe... kote.”

Doto alinawa mikono kwa sabuni, akaifuta vizuri, jambo ambalo hajawahi kuonekana akilifanya hata kabla ya kula. Akaichukua bahasha iliyochungulia kwenye mfuko aliobeba Teresia, akaingia nayo kibandani. Kutoka pale nje Odilia alimwona mgongo tu, amesimama mbele ya dirisha lake dogo, lile lililozibwa nusu kwa kitu cheusi ambacho watu wote walidhani ni plastiki. Alisimama hapo mpaka chai za madereva zikapoa.

Alipotoka, mikono ilikuwa mitupu.

“Nimeichukua,” alisema.

“Umechukua nini?”

“Changu cha msiba.”

Vicheko vikakatika. Hata mama muuza ndizi aliweka sinia chini. Kila mtu pale aliijua ile sheria: kwenye msiba mtani anaruhusiwa kukamata kitu cha wafiwa, sufuria, kiti, hata jembe la kuchimbia, na hakirudi mpaka kikombolewe. Ndiyo haki yake, na ndiyo namna yake ya kuwachekesha waliao. Lakini msiba kwanza, mtani baadaye. Hakuna aliyewahi kuona mtani akikamata vitu vya mtu aliyeketi juu ya tairi akingoja gari.

“Mimi sijafa,” Odilia alisema.

“Najua. Nimewahi foleni. Wanyamwezi wenzangu watakuja umeshazikwa, waanze kugombania masufuria. Mimi sipendi kusukumana.”

“Doto, utani una mipaka,” mama wa ndizi alisema.

“Mipaka iko Tunduma, mama. Hapa ni Mikumi.”

“Irudishe,” Odilia alisema.

“Ikomboe. Sitaki kuku, sitaki shuka. Nataka wali wa Tindiga, uje kuupika hapa mbele yangu, umekuja kwa miguu yako. Na moto upulize wewe. Teresia asiguse hata kijiti.”

Odilia akasimama. Hasira ilikuwa imemrudishia dunia kidogo, kingo za mwanga zikapungua, na jibu likaja. Halikuwa jibu la kila siku. Lilikuja zima, lenye kichwa na mkia, la kumzika Doto mbele ya madereva wote.

“Ninyi Wanyamwezi,” alianza, “babu zenu walibeba...”

Pumzi ikakatika.

Akashika nguzo. Akavuta, akapata kidogo, kama anayekwangua ukoko wa sufuria. “Babu zenu walibeba...”

Ikaishia palepale. Dereva mmoja akatazama viatu vyake. Kikombe kikawekwa mezani polepole. Katika stendi ile Odilia alikuwa ameacha deni la kila aina, lakini sentensi hajawahi kuiacha njiani, na wote walikuwa wakiitazama ile aliyoiacha, imening'inia hapo hewani haina mkia.

Doto alimsogelea. Sauti yake ilikuwa ya chini. “Malizia, mtani. Nasubiri.”

Hakuweza.

“Basi njoo uone dirisha langu.”

Ndani ya kibanda kulinuka mpira na mafuta. Lile dirisha lilikuwa linaingiza mwanga wa asubuhi, na mwanga ulikuwa unapita ndani ya vifua viwili. Kimoja alikijua. Cha pili, ambacho watu walidhani ni plastiki, kilikuwa kipana zaidi, mbavu ndefu za mwanamume, na weupe ulikuwa umepanda mpaka juu, mpaka kwenye mabega, bila kuacha pa kusimama.

“Nani huyu?”

“Kulwa.”

Odilia akaisogelea ile picha pana.

“Alipigwa picha, wakamwambia alale pale. Akasema ataumwa kwake, kitandani kwake.” Doto aliigusa pembe ya ile picha kwa kidole, alipoipigilia msumari mdogo. “Niliwauliza baadaye. Nilikuwa na muda wa kuuliza. Kweusi ndiko kwenye upepo, mtani. Kweupe kumejaa.”

Odilia alizitazama zile picha mbili zikiwa zimekaa bega kwa bega, na ile ya kwake ikaanza kuwa kitu alichokwisha kukiona. Alikuwa mdogo. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha, na asubuhi mama yake alimshika mkono wakapanda mpaka ukingoni mwa mlima. Ukungu ulikuwa umetoka. Chini kule Kilosa, mto Mkondoa ulikuwa umefurika ukaacha njia yake, na bonde lote lilikuwa jeupe, limetulia, linang'aa jua linapochomoza, hakuna jeraha popote. Matuta ya mashamba yalionekana kidogo kidogo kama mbavu. Odilia alipiga makofi. Akasema, mama, ona palivyo pazuri. Na mama yake hakumfinya wala kumgombeza. Alinyoosha kidole kwenye ule weupe, pale ulipong'aa kuliko pote, akasema, “Pale pazuri ndipo kwa shangazi yako.”

Nyuma yake Teresia alikuwa mlangoni na mfuko. Nje, gari la Kilosa lilipiga honi, likapakia abiria wake, likaondoka.

“Ita bajaji,” Odilia alisema.

Hospitali hawakumgombeza. Daktari Amon alisema tu, “Umerudi, mama,” akamwekea mrija puani mwenyewe. Kisha wakamlaza kifudifudi. Hivyo ndivyo walivyotaka alale, tumbo chini, uso umegeukia ukuta, mgongo juu, ili mapafu kwa nyuma nayo yapate nafasi. Odilia aliona ni ulalaji wa mtoto aliyenuna. Lakini hewa iliingia.

Siku zilipita hapo bila kuwa na majina. Mtungi wa hewa ulibubujisha maji yake kando ya kitanda, polepole, kama sufuria ya maharage iliyoachiwa moto mdogo, na Odilia aliota anatembea shambani Tindiga, maji yamemfika kifuani, ameshika mundu juu ya kichwa usilowe. Upande wa pili wa jaruba wapo watu wanaovuna. Mmoja wao ni Stefano. Hageuki. Odilia anataka kumwita, lakini kumwita kunahitaji sauti na sauti inahitaji pumzi, kwa hiyo anatembea tu. Siku nyingine maji yanakuwa kiunoni. Siku nyingine yanarudi shingoni, na manesi wanatembea haraka, na anasikia jina lake likitamkwa na watu wasiomjua. Jambo moja halikubadilika: mahali fulani ndani ya yale maji ilikuwemo sentensi yake, ile iliyokatika, imeshikwa na tope, na yeye anaitafuta kwa miguu.

Teresia hakuruhusiwa kuingia. Alisimama nje ya dirisha la wodi akiwa na salamu.

“Mjomba Doto anasema mtoza ushuru wa kuzimu amekuulizia, amemwambia umekwama Mikumi, barabara mbovu.”

Odilia alifumbua jicho moja.

“Anasema madereva sasa wanakula kwa jirani. Anasema wamenenepa.”

Jicho la pili likafumbuka. Nesi aliyekuwa karibu alisogea akidhani mgonjwa anataka maji. Mgonjwa alikuwa anataka jibu. “Babu zenu,” alisema ndani ya mto, “walibeba mizigo.” Akapumzika. Lilikuwa neno moja zaidi. Siku iliyofuata aliifikisha mpaka “walibeba mizigo ya watu,” akalala usingizi mzito kama aliyepiga mpunga kutwa. Kuna siku ilirudi nyuma ikaishia kwenye “babu.” Siku ile Teresia alikwenda kwa Doto akalia, na Doto akampa salamu mbaya kuliko zote za nyuma, azipeleke hivyo hivyo bila kupunguza.

Maji yalitoka kama yanavyotoka shambani, hakuna anayeyaona yakitoka. Asubuhi moja Odilia aliota anatembea, akatazama chini, akaona vidole vya miguu yake.

Kabla ya kumruhusu wakampeleka tena kwa Beda. Alivua rozari kabla ya kuambiwa. “Nisije nikaonekana nimemeza msalaba,” alisema, yote kwa pumzi moja, na Beda akacheka ndani ya barakoa yake. Bamba lilikuwa la baridi vile vile. Vuta, shikilia. Safari hii hakuona mlima.

Daktari Amon aliibandika picha mpya kwenye taa. “Nipe ile ya kwanza, mama, tulinganishe.”

“Imekamatwa.”

“Imekamatwa na nani?”

“Na mtani. Nilikuwa na msiba.”

Daktari alimtazama Teresia, Teresia akatazama dari. Ikabidi alinganishe na kumbukumbu. Weusi ulikuwa umerudi karibu kote; kulikuwa na mistari myeupe tu huku chini, kama mifereji inayobaki na maji baada ya shamba kukauka. Odilia aliutazama ule weusi kwa muda mrefu. Ulikuwa weusi wa udongo wa Tindiga mafuriko yakishaondoka, ule ambao ukiushika unabaki mkononi, na kila mtu anajua mwaka huo atalima.

Alikwenda kwa Doto kwa miguu. Teresia alimbebea mafiga, kuni, sufuria na mchele, akavipanga mbele ya kibanda cha pancha, kisha akaambiwa akae kule. Habari ilikuwa imetangulia. Madereva walijipanga wakajifanya wanangoja magurudumu. Mama wa ndizi alikuja na kigoda chake kabisa.

Doto alitoka, akaegemea mlango. Hakumsalimia. Alimkagua toka juu mpaka chini kama anayekagua tairi lililozibwa na fundi mwingine.

Odilia akapiga magoti, akapanga kuni, akatia kaa la moto alilokuja nalo kwenye kigae. Akainama. Pumzi ya kwanza ilipeperusha majivu tu. Ya pili ilitoa moshi, ukamrudia usoni, akakohoa mpaka mabega yakatikisika, na mkono wa Teresia ukanyooka wenyewe.

“Binti,” Doto alisema, “tulikubaliana.”

Teresia akaurudisha mkono. Odilia alikaa juu ya visigino vyake akingoja kifua kitulie. Malori yalipita, na yalikuwa na sauti zake zote. Kisha akainama tena, akavuta taratibu mpaka chini kabisa, mpaka kwenye ile mifereji, akashikilia kidogo kama Beda alivyomfundisha, akapuliza, akapuliza, na kaa likawa jekundu, jekundu likapanda kijiti, moto ukashika.

Hakuna aliyepiga makofi. Dereva mmoja alivuta kamasi akasingizia moshi.

Wali ulipoiva Odilia alifunua sufuria, akainamia mvuke. Harufu ilikuwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, lakini ilikuwa inaita. Akampakulia Doto sahani. Doto akaonja, akatafuna bila haraka, macho yake yako barabarani.

“Chumvi imepungua,” alisema.

Odilia akajinyoosha, mwiko mkononi.

“Ninyi Wanyamwezi,” alisema, “babu zenu walibeba mizigo ya watu toka Tabora mpaka pwani, na mpaka leo mkiona bahasha ya mtu hamuwezi kuiacha chini.”

Ilifika mpaka mwisho. Ilikuwa na kichwa na mkia, na pumzi ikabaki. Madereva wakaangua kicheko, mmoja akagonga bodi la lori kwa kiganja, na mama wa ndizi akasema sasa ndiyo, sasa ndiyo amerudi. Doto alicheka kwa mabega tu. Aliweka sahani chini, akaingia kibandani, akatoka na ile picha, akampa kwa mikono miwili. Odilia akaipokea kwa mikono miwili.

Dirishani palibaki tundu, upande aliokuwa amekaa yeye. Upepo wa kutoka mbugani ukaingia hapo, na ile picha iliyobaki, ambayo msumari wake ulikuwa mmoja tu, ikaanza kuvimba na kunywea, kuvimba na kunywea, taratibu, kama mtu aliyelala vizuri.

Odilia aliiona. Doto naye alikuwa anaiona, sahani ameishika tena mkononi, hatafuni.

“Chumvi imepungua,” alisema tena, kwa sauti ya chini, na Odilia akamwongezea wali.